Shangazi Amebeba

Wenzake kazini humwita Bibi Povu, kwa sababu ndoo yake hutoka zizini na povu la kimo cha vidole vinne. Anakamua kwa mkono katika shamba ambalo ng'ombe wote hukamuliwa kwa mashine, isipokuwa mmoja asiyetaka kuisikia. Huyo anaitwa Shangazi, kwa kuwa huingia kokote bila hodi na hutaka apewe kwanza.

Kwa miaka sita wawili hao wamekuwa na banda lao kwenye maonyesho ya kilimo. Watoto hupanga foleni, hupapasa kiwele, kisha Bibi Povu huelekeza chuchu na kuwarushia maziwa viganjani. Hulamba hapo hapo. Kwake yeye mwaka ni wiki hiyo. Siku zilizobaki ni maandalizi.

Mwaka huu waandaaji walitaka kila mnyama atakayeguswa na watoto apimwe kinyesi. Daktari wa mifugo wa shamba ni kijana mrefu. Bibi Povu humwita "mwanangu" wakipatana, na "daktari" wakikosana. Alichukua sampuli Jumatatu. Ijumaa akapiga simu, mtandao ukiyumba.

"Mama, majibu yametoka. Shangazi amebeba."

Simu ikakatika. Bibi Povu hakuhitaji zaidi. Shangazi alikuwa amepandishwa mara mbili bila kushika mimba, na maneno yalishaanza kwamba amezeeka. Akamwambia mumewe, akawaambia wakamuaji, akamwongezea Shangazi pumba. Daktari alipofika, mlinzi wa getini alimpa mkono.

"Hongera, daktari. Tumesikia ndama yuko njiani."

"Ndama gani?"

Alimkuta Bibi Povu akimsugua Shangazi ubavu.

"Mama, nilisema amebeba bakteria. Wako utumboni."

Brashi ikasimama. "Anaumwa?"

"Haumwi. Yeye hawamdhuru."

"Sasa kosa lake nini?"

"Hana kosa. Lakini kinyesi kidogo tu kikigusa kiwele, kikahamia mkononi, na mtoto akalamba mkono, anaweza kuharisha damu. Wachache hufika hadi figo kushindwa kazi. Hao huwa ni wadogo kabisa."

"Namwosha kila asubuhi, daktari."

"Najua. Kwa macho ni msafi kuliko mimi."

"Hiyo si kazi kubwa."

Alisema bila kucheka, kisha akauliza, "Na wale watoto wa miaka iliyopita?"

"Hatujapata habari ya aliyeugua. Bakteria hawa huja na kuondoka, huenda mwaka jana hakuwa nao. Siwezi kuapa."

Nyumbani Bibi Povu ana mjukuu wa miaka minne aliyezoea kuchota povu la ndoo kwa kidole. Jioni hiyo maziwa yalichemshwa mpaka yakapanda, na mjukuu akanuna wiki nzima.

Shangazi alifutwa kwenye maonyesho. Bibi Povu akasema naye haendi.

"Kwani na wewe umepimwa?" mumewe akauliza. "Au umeota kwato bila kuniambia?"

"Nikasimame pale na nini, baba? Na ndoo tupu?"

Mumewe ni fundi seremala mstaafu. Siku mbili baadaye alitoa uani ng'ombe wa mbao mwenye pipa la maji tumboni na glavu ya mpira iliyotobolewa ncha za vidole. Shingo ilipinda kidogo. Bibi Povu alimkagua mnyama huyo, akasema kichwa ni cha mbuzi, kisha akaomba apewe na bomba la maji na sabuni.

Watoto walikamua maji siku zote za maonyesho. Kisha kila mmoja alipelekwa bombani, ambako Bibi Povu aliwafundisha kunawa kwa njia anayoijua: kila kidole kikamuliwe kwa sabuni kutoka shinani hadi ncha, vidole kumi, chuchu kumi.

"Mimi sitaki maji," aliwaambia. "Nataka povu."

"Ng'ombe wa kweli yuko wapi?" mtoto mmoja akauliza.

"Nyumbani. Ana wageni tumboni."

Miezi mitatu baadaye Shangazi alipandishwa tena, na muda wa kumpima ulipofika daktari alivaa glavu ndefu, akampima, akanyoosha mgongo.

"Mama, Shangazi amebeba."

Bibi Povu hakuacha kukamua. "Amebeba nini? Maliza sentensi, daktari."

"Ndama."

"Haya, mwanangu. Kanawe mikono."