Siku Niliyomshinda Mdogo Wangu Kutembea

Mimi na mdogo wangu tuliupata ugonjwa wa moyo katika nyumba moja, na wa kulaumiwa ni baba mdogo. Sisemi alituroga. Nasema baada ya baba kufariki yeye ndiye alikuwa mkubwa wa boma, na tulipoumwa koo kila masika, kule juu ambako ukungu wa Meru unaingia mpaka ndani ya blanketi, alituambia tulambe chumvi. Magoti yakavimba, akasema ni baridi yabisi. Hospitali alikwenda yeye, kwa ajili ya jino lake. Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba koo lile lililokosa dawa ndilo lililoharibu mioyo yetu. Na shule akampeleka mdogo wangu, kwa kuwa alijua kuchekacheka na wageni. Mimi niliishia darasa la nne, nikabaki na ng'ombe. Baba mdogo namtaja kwa sababu yuko hai na ana afya nzuri.

Mdogo wangu ameolewa Maji ya Chai, nyumba ya vigae. Mimi nauza ndizi Kikatiti. Nilipolazwa, nimevimba miguu na tumbo, ndugu walishaanza kuulizana nani ana turubai la msiba. Nikatoka mzima, wakaonekana kama wamepata hasara. Alipolazwa yeye, kanisa zima lilifunga na kuomba.

Kliniki ya moyo tunahudhuria siku ileile. Ndipo wakaja vijana wa chuo wanaotengeneza vifaa vya hospitali, wakiongozwa na binti mmoja mwembamba. Alisema wanatengeneza roboti laini. Mimi roboti nilijua ni bati na taa. Kumbe ni kama soksi ndefu za mpira, unavaa mpaka mapajani. Zinasikiliza moyo kwa nyaya za kifuani, na kila mara moyo unapopumzika, soksi zinajaa upepo na kuminya miguu ili damu irudi juu, moyo usaidiwe kazi.

"Ni utafiti, mama zangu," binti alisema. "Hatuahidi kuponya mtu. Na tunaanza na wachache."

Nilizitaka soksi zile kuliko kitu chochote. Nilikuwa siwezi tena kupanda kilima cha kwangu bila kukaa njiani mara kwa mara, na watoto wa jirani walikuwa wanaoneshana: bibi amekaa tena.

Tukaambiwa tutapimwa kwa kutembea kwenye korido, kwenda na kurudi, mpaka binti aseme basi. Hakuna aliyetueleza wanatafuta nini. Muuguzi alisema, "Jitahidini, akina mama." Namtaja na yeye. Mtu akikwambia ujitahidi, unafanyaje?

Siku ya kupimwa nilikunywa mtori wa ndizi, nikavaa raba za mwanangu. Mdogo wangu akaja na mkoba wake na ndala za shanga.

"Dada, na raba? Unakwenda Olimpiki?"

"Cheka tu."

Nilitembea kifua kinawaka. Nilipomfikia nilimwambia, "Pisha, msomi." Akapisha. Mara akakaa kwenye benchi akaomba maji, na mimi nikaendelea, nageuka kule mwisho, nampita tena amekaa. Sijawahi kufurahi hivyo. Maisha yote amepata yeye, leo nimemshinda mbele ya watu wenye kalamu.

Binti akaniita. "Hongera mama, unatembea vizuri sana. Kwa sasa tunachukua wale ambao moyo umechoka zaidi."

Wakamchukua mdogo wangu.

"Naomba nirudie," nikasema. "Nitatembea vibaya." Binti akacheka, akadhani natania.

Miezi ikapita. Picha yake ikabandikwa pale kliniki, amevaa soksi, meno yote nje. Siku moja akaja kunitembelea. Niliisikia sauti yake tangu kule chini barabarani, anaongea na mume wake kwenye simu. Akapanda kilima chote anaongea. Mwenye moyo mbovu hapandi huku anaongea, anachagua moja. Nilikaa mlangoni nikiyasikiliza maneno yale, na nilimchukia kwa kila moja.

"Dada, wanachukua kundi la pili," akasema, akaweka kilo ya sukari chini. "Safari hii tembea kama mgonjwa."

"Mimi ni mgonjwa."

"Basi uonekane."

Nikajizoeza uani: kuburuta mguu, kushika kifua, kusimama na kuangalia juu. Siku yenyewe akanisindikiza, akasimama mwisho wa korido kama mwalimu wa maigizo. Nilianza na mguu ule wa kuburuta. Sikufika katikati. Korido ikajaa giza pembeni, nikashika ukuta, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Mdogo wangu akainama sikioni. "Hapo umepatia. Sasa inuka, usizidishe."

Sikuweza kuinuka, wala kumjibu. Akaona midomo yangu imebadilika rangi, kicheko kikamwisha usoni, akamwita binti kwa sauti.

Binti alikuja mbio, akanipima, akamwambia mwenzake aniandike. Nilisikia vizuri, nimechaguliwa. Mdogo wangu akanishika makwapani, akaninyanyua peke yake mpaka kwenye benchi, mimi na mwili wangu wote. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini sikio langu lilikuwa karibu na kifua chake, na kilichoniuma ni kwamba, hata baada ya kuninyanyua, hakuwa akihema kwa kuchoka.