Mnazi Usiokuwa Wetu

Kishindo cha nazi juu ya bati hukijui mpaka ulale chini ya bati hilo. Usiku mmoja kilipiga, kisha nazi ikabingirika hadi ukingoni, na mama akasema gizani, "Hiyo si yetu." Tulikuwa tumetoka kwenye chumba cha kupanga, baba akanunua nyumba ya udongo huko Temeke, na uani palikuwa na mnazi mrefu. Baba alikuwa seremala, mtu wa Newala. Aligonga kuta, akachokonoa boriti kutafuta mchwa, akapeana mkono na muuzaji mbele ya balozi wa nyumba kumi. Habari za mnazi hakuuliza. Alivyojua yeye, ukinunua nyumba umenunua na kilicho uani. Kuuliza si ujinga, lakini baba yangu hakupenda kuuliza jambo alilodhani analijua.

Ijumaa ya kwanza akabisha hodi mama wa makamo, kajitanda kanga, nyuma yake mkwezi na kamba yake. Alikuwa Bi Mwanahawa, dada wa yule muuzaji, aliyekaa mtaa wa pili. Tulimwamkia, akaitika vizuri, kisha akamwashiria mkwezi apande.

"Bi mkubwa, mbona nyumba tumenunua sie?" baba akauliza.

"Nyumba mmenunua, mwanangu, Mungu awabariki. Mnazi wangu mie, kanipandia mama yangu."

"Lakini ardhi siku hizi ni ya taifa. Mti utakuwaje wa mtu?"

"Ardhi ya taifa sikatai. Taifa ndilo lililomwagilia?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa pwani: nyumba ya huyu, mti wa yule, na kila mwenyeji anajua. Tungeweza kuishi hivyo, kama si habari ya bibi yangu mzaa mama. Alikuwa Newala peke yake, macho yakififia, akipika kwa moto asiouona sawasawa. Mama alikwisha kuamua kumleta, na chumba chake hakikuwa na pa kusimama isipokuwa pale penye mnazi. Tena ilibidi aje kabla ya masika, maana masika yakishika, barabara ya kusini ilifungwa na tope. Baba akataka shauri liende kwa balozi. Mama akakataa katakata. "Mti tunaweza kuupata kwa balozi," alisema. "Jirani hatumpati."

Akaenda kwa Bi Mwanahawa, akaketi mkekani, akamuuliza kwa upole mnazi ule unamfaa nini. Akaambiwa: nazi za mchuzi, makuti ya kusuka, na kumbukumbu ya mama. Hapo mama akatoa shauri lake. Angepanda miche mitatu uani kwa Bi Mwanahawa na kuimwagilia yeye mwenyewe. Ikivuka kiangazi, mnazi wetu ukatwe. Bi Mwanahawa alicheka hadi kanga ikamteleza. "Nyie watu wa mikorosho, mnazi mtaujulia wapi?" Lakini akakubali.

Kiangazi kile ninacho begani hadi leo. Kila alfajiri mimi na mama tulipanga foleni kwenye bomba la mtaa, yeye na debe, mimi na ndoo, tukapita mbele ya wanawake waliotucheka: kanunua nyumba huku, anamwagilia kule! Mashimo tulikuwa tumeyatia chumvi na majivu kama tulivyofundishwa. Mbuzi akala mche mmoja hadi kwenye nazi yake. Nililia kwa hasira, nikamwambia mama basi, yatosha. Akapanda mwingine, akauzungushia miiba. "Bandu bandu humaliza gogo," alisema. "Beba ndoo."

Mvua za vuli ziliponyesha, Bi Mwanahawa alichuchumaa, akashika jani jipya la kila mche, halafu akasema neno moja tu: "Kateni." Siku ya kukata alikuja mwenyewe. Kilele kilipoanguka alilia waziwazi, mama akalia naye, na mimi niliyeuchukia mti ule nikaona uchungu ambao sikuutarajia. Jioni ile ile mama alishika jembe, akaanza kuchimba msingi wa chumba. Gogo likapasuliwa boriti za chumba, na bibi akafika kabla ya masika, akazipapasa kuta zake kwa viganja, akauliza kitanda kiko upande gani.

Siku hizi nyumba hununuliwa kwa picha za simu. Mwaka jana nilikwenda kutazama kiwanja chenye kibanda huko Goba, mlimani, pamoja na dalali kijana mwenye haraka zake. Karatasi zote zilikuwa safi. Kwenye kona ulisimama mfenesi wenye matunda, na chini yake njia nyembamba iliyokanyagwa kuelekea nyumba ya jirani. Nilimuuliza dalali mfenesi ni wa nani. "Sista, ukilipa, kila kitu chako," alisema. Nikaifuata ile njia, nikabisha hodi. Alitoka mama mmoja mwenye unga mikononi. Nilipomuuliza habari za mfenesi, alijipangusa mikono, akasema, "Wamepita wanunuzi wengi hapa. Hakuna aliyekuja kuniuliza." Kule chini dalali alikuwa akipiga honi. Nilivua viatu, nikaingia ndani.