Siku Nilipopeleka Pweza Kwenye Posa

Chekeni tu, maana mie mwenyewe imenichukua miaka kuweza kuisimulia hii bila kuangalia chini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, intaneti ndiyo kwanza imeingia mjini, na mie karani mdogo nilikuwaga na ugonjwa mmoja: kila Jumamosi natoka Kinondoni naenda duka la kompyuta pale Posta, naingia kwenye ensaiklopidia, naokota vituko vya dunia, navitia kwenye Kiswahili, navichapa, halafu jioni nawasomea washkaji kwenye kijiwe cha kahawa (wakaniita Profesa, nami nikaitika, hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa).

Basi mdogo wangu Saidi akampata Zuhura wa Temeke, wamependana kwa barua miaka miwili. Lakini kwao Zuhura ilikuwa imeshafika posa nyingine, na wazee walisema majibu yatatoka Ijumaa. Saidi akaandika barua yake ya posa kwa mkono, mwandiko wake ule uliolala upande. Mie nikamwambia, "Lete nikaipige kompyuta, tusiende kishamba." Akanipa. Nikaichapa pamoja na vituko vyangu, nikakunja karatasi zote mbili sawasawa, moja kwenye bahasha, moja kwenye mfuko wa shati.

Siku ya siku tukaenda Temeke, bahasha tukaiweka mbele ya wazee. Kwa kawaida barua ya posa huachwa, husomwa wageni wakishaondoka. Ila mjomba wetu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, hajamaliza hata maneno yake, nikadakia, "Wazee wangu, hiyo imepigwa kwa kompyuta." Shangazi yake Zuhura, mama mcheshi, akasema, "Ehe! Hebu tuione." Akafungua, akasoma kwa sauti:

"Pweza ana mioyo mitatu."

Akageuza karatasi, akatazama nyuma, akarudi mbele. "Mitatu! Kwani huyo kijana wenu ana wake wangapi huko?"

Nikagusa ile ya mfukoni, nikajua. Lilitakiwa neno moja tu, nimekosea, watu wangecheka, tungebadilisha karatasi, yakaisha. Lakini Profesa akosee? Nikakohoa, nikasema huo ni utangulizi, yaani mdogo wangu anampenda Zuhura kwa mioyo mitatu. Wakaguna kidogo, nikadhani nimepona. Shangazi akaendelea, farasi wa baharini, mimba hubeba dume, nami nikasema maana yake Saidi atasaidia kulea (mjomba akanifinya paja mpaka machozi yakanilenga). Shangazi akasoma tena, yuko buibui ambaye jike humla mume wake, akanitazama aone na hilo nalitafsirije.

Baba mkubwa wa Zuhura akauliza, "Kijana, haya ni kweli?"

"Kweli tupu, mzee."

"Na mdogo wako, yeye anasemaje?"

Ndipo nikaitoa ile ya mfukoni, nikasema samahani wazee, ya Saidi ndiyo hii. Hakuipokea. "Ile ulisema ndiyo yake, ukatufafanulia na maana. Hii sie tutaiaminije?" Akamkunja pweza wangu vizuri, akamrudisha kwenye bahasha, akamkabidhi mjomba. Na kwetu bahasha ikirudi mkononi, hilo ndilo jibu.

Saidi alikuwa anatusubiri barazani kwetu, kanyoa upya. Mjomba akamweleza yote mie nimesimama pale. Hakunitukana, na bora angenitukana. Aliuliza tu barua yake iko wapi, nikampa, akaitazama zile herufi za mashine.

"Kaka," akasema, "ungeacha tu ile ya mkono. Zuhura angeujua mwandiko wangu."

Mjomba alirudi Temeke mara mbili kuomba radhi, wakampa chai. Ijumaa ikajibiwa ile posa nyingine, Zuhura akaolewa Mbagala. Saidi alioa miaka ya baadaye, mke mwema, na tunakula sahani moja hatujawahi kulizungumza.

Mie kijiweni sikusoma tena. Siku hizi nikikosea nasema nimekosea kabla sijaulizwa, mpaka ofisini wananishangaa, na barua ya mtu siigusi hata kwa kubembelezwa. Juzi binti yake Saidi katoka shule, kanikalia karibu, ananiuliza, "Shikamoo baba mkubwa, eti pweza ana mioyo mingapi?"

Baba yake alikuwa pale pale, anakunywa chai. Nikamwambia mtoto sijui.