Chumvi Ipo Kushoto kwa Mlango

Enzi zetu pale Nachingwea, kupika tulijifunza tukiwa tumefumba macho. Haukuwa ushujaa, ulikuwa moshi. Jiko la mama lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Mtu mzima akinyoosha mikono aligusa kuta zote mbili, na dirisha lilikuwa tundu ambalo hata paka alilipita kwa kujibana. Masika kuni zikilowa, ukiingia humo macho yanajifunga yenyewe. Na humo humo mama aliwapikia watu sita ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, na msimu wake ukifika, sufuria zima la ming'oko, mizizi ya kuliwa iliyochimbwa porini.

Tulikuwa wavulana wanne, mimi kitinda mimba. Mama hakujaliwa binti, wala hakuona sababu ya kukaa akimsubiri. "Tumbo halijui kama wewe ni mwanamume," alisema, akatukabidhi miko. Wenzetu mtaani walitucheka sana, ila siku za kwao kulala njaa walijua pa kupitia.

Kilichotuwezesha kuenea mle ndani kilikuwa mpangilio. Ukiingia, kushoto kwa mlango, usawa wa bega la mama, pametundikwa kibuyu cha chumvi. Chini yake mtungi wa maji na kata. Kulia kinu, ambacho kikimaliza kazi kinageuzwa kifudifudi na kuwa kiti cha mpishi. Mchi umesimama nyuma ya mlango, miko na upawa vimechomekwa kwenye fito za paa. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na moshi ule ule uliotutoa machozi ndio uliolinda mbegu za mahindi zisibunguliwe. Sakafuni hapakuwa na kitu cha kumkwaza mtu. "Kila kitu kina kwao," mama alikuwa akisema. "Ukikitoa, kirudishe. Hata wewe hupendi kulala kwa watu."

Kutokana na hayo tukabuni mchezo. Mmoja anafumba macho, wengine wanamtajia kitu, naye anatakiwa akilete kabla hatujahesabu kumi. Upawa! Ungo! Ukishindwa, unakwenda kisimani na ndoo zote mbili. Vijana wa leo wana michezo yao kwenye simu, wanashindana na watu wa nchi ambazo hawatazifikia, lakini ukimwomba mmoja chujio anakuuliza linafananaje.

Mimi nilichoka kwenda kisimani. Siku moja nikakihamisha kibuyu cha chumvi, nikakificha nje chini ya mchirizi wa paa, ili kaka yangu mkubwa akikitafuta akikose. Alikikosa kweli, nikafurahi. Kisha nikaenda kucheza chandimu nikakisahau, na mvua ikanyesha. Niliporudi, chumvi yote ilikuwa maji ya kubebeka kwa kata, na mama alikuwa amepapasa ukuta mtupu huku mboga ikichemka na moshi umemfunga macho.

Nilingoja fimbo, haikuja. Alinivuta akanisimamisha mlangoni. "Humu moshini mimi sioni," aliniambia. "Naona kwa mikono. Ukinihamishia kitu, umenitoboa macho." Tulikula mboga bila chumvi siku tatu, na kaka zangu walinitazama kila tonge. Kaka mkubwa hunikumbusha mpaka leo, kila tukikutana msibani au harusini.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Ruangwa, mvi zimeshaingia. Nimepanga sehemu mojawapo ya zile nyumba mpya zinazoitwa apatimenti. Naishi na binti yangu Zuhura, anayesubiri kujiunga na chuo, kwa sababu mama yake ni muuguzi na kazi imempeleka Lindi. Nyumba ina vigae na geti. Jiko lake halizidi kibanda cha mama hata kwa shubiri moja. Tofauti ni kwamba la mama halikuwa na kodi.

Mwaka jana mama aliungua mkono akiipua sufuria. Baba alishatangulia, kaka zangu wametawanyika, naye alikuwa akiishi peke yake. Tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Amebakiwa na mwanga na vivuli. Nikamleta kwangu na kikapu chake kimoja. Juu kabisa ya nguo alikuwa ameweka kibuyu kile kile cha chumvi. Nilikipokea kwa heshima zote, nikakiweka juu ya kabati la nguo, kama watu wanavyofanya na vitu vya ukumbusho.

Kumpokea bibi yake, Zuhura alilipamba jiko. Alikuwa ameona kwenye simu namna ya kupanga jiko dogo, akanunua makopo kumi na mawili ya plastiki yanayofanana kama mapacha, akayabandika karatasi zenye majina kwa maandishi mazuri. Nilimsifu sana. Mwalimu mzima, sikujiuliza nani atazisoma.

Wiki ya pili alikuja mwalimu mwenzangu kumjulia hali mama. Mama akasema yeye ndiye atakayeandaa chai, mgeni ni wake. Tulimwacha. Chai ilikuja na iliki yake, mgeni akapiga funda. Akapiga la pili kwa adabu. Ilikuwa imekolea chumvi. Mama akaonja chake, akakiweka kikombe chini taratibu, akaenda chumbani.

Siku tatu hakukanyaga jikoni. Tulimletea chakula kitandani, akala kidogo, akashukuru kama mgeni. Siku ya tatu jioni akaniita. "Mwanangu, nikatie tiketi nirudi Nachingwea. Hapa nakula na kulala tu, kama mgonjwa. Kule kwangu najua chumvi ilipo."

Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia mbele ya darasa. Nilikuwa nimemhamishia chumvi mara ya pili, na safari hii sikuwa mtoto.

Jumamosi nilitoa kila kitu jikoni. Nikaanza upya kwa kumbukumbu, nimesimama mlangoni na kufumba macho kama zamani. Ndoo ya maji yenye kata, kushoto chini. Kinu nilikinunua sokoni, nikakigeuza kifudifudi upande wa kulia. Miko na upawa nikavitundika juu kwa misumari, kwa kuwa fito hakuna. Kwenye rafu juu ya jiko la gesi, palipokuwa uchaga, nikaweka unga kwenye kopo la bati na mbaazi kwenye mtungi wa udongo, ili mkono ujue tofauti. Kuwasha gesi tulikubaliana ni kazi ya Zuhura. Yeye alisimama akinitazama na makopo yake kifuani. "Baba, hii siyo poa. Jiko limekuwa la kizamani." Nikamwambia mwenye jiko naye ni wa zamani. Mwisho nikapigilia msumari kwenye kigae, kushoto kwa mlango, usawa wa bega la mama, nikatundika kibuyu.

Nikamwita. Alikuja akipapasa ukuta wa korido, akasimama mlangoni. Mkono wake wa kushoto ukainuka, ukagusa kigae kitupu. Ukapapasa. Kitupu. Zuhura alitaka kumsaidia, nikamzuia. Kisha mkono ukapanda juu kidogo, vidole vikakuta kamba, vikashuka nayo mpaka kwenye kibuyu. Akakishika kwa muda. Mkono wa kulia ukashuka ukakikuta kinu, akakikalia.

"Umekitundika juu sana," alisema. "Kishushe. Mimi nimeshafupika."

Ndipo nikaelewa kuwa nilipima bega la mama wa miaka arobaini iliyopita. Enzi zile jikoni kulijaa moshi, mama akiwa mrefu na sisi wanne tukigombania upawa. Siku hizi moshi hakuna, kaka zangu wako mbali, na mama ananifika kifuani. Nilichukua nyundo nikaushusha msumari ule. Nyuma yangu alikuwa tayari anamwambia Zuhura alete kisamvu, halafu afumbe macho.