Kundi Lililoona Aibu Kukwama

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimeanika alizeti uani hapa Haneti, kuku wananitia wazimu, na simu ikalia mfukoni mwa gauni. Nakusimulia kwa kuwa wewe na wenzako mnataka kufungua kundi jipya la wapenda magari mtandaoni, na mmesikia huko mjini kwamba lile la zamani nililiua mimi. Haya. Kaeni niwaambie. Na msinikatize, maana nikikatizwa huwa mkali.

Kundi tuliliita Vumbi na Usukani. Lilikuwa na kila aina ya mtu: mafundi wa gereji za mjini, maofisa wa wizara kule Mtumba, madereva wa mabasi ya Mpwapwa, vijana wa bodaboda wanaoota kumiliki gari, na mimi, mwanamke mzee niliyeendesha landrova la madaktari wa mifugo mpaka nikastaafu. Asubuhi mmoja anaandika "mbukwenyi", salamu yetu sisi Wagogo. Mwingine anarekodi injini yake inavyonguruma na kuuliza, jamani, huu mlio ni wa nini? Basi tunabishana mchana kutwa. Wee! Mboga nilizounguza kwa ajili ya kundi lile sitaki hata kuzikumbuka.

Ila kilichotuunganisha si ubishi. Kilikuwa majani. Nyinyi mmesafiri, mnajua: gari likiharibika njiani, dereva anakata matawi porini, anayatandaza barabarani mbele na nyuma ili anayekuja apunguze mwendo. Sisi tukaihamishia desturi hiyo kwenye simu. Aliyekwama hakuandika maelezo marefu. Alipiga picha matawi yake, akaituma kundini, na mwanachama aliye karibu akaenda. Tukawa tunasema, fulani katandaza majani Kibaigwa. Ukisikia hivyo na uko upande huo, unachukua spana zako na kamba ya kuvutia, unaondoka.

Mimi desturi hiyo nilifundishwa ningali msichana, na aliyenifundisha gari, Mzee Sudi, dereva mwenye sauti ya kukoroma na roho nyeupe. Siku moja tukiwa njiani kwenda Mpwapwa tulikuta matawi, na nyuma yake lori la mtu aliyekuwa amemtukana Mzee Sudi hadharani, mbele ya abiria. Nikasema, "Mzee, huyu tumpite tu." Akafunga breki, akanigeukia. "Binti, matawi hayana jina la mtu. Shuka ukamuulize kimeharibika nini." Tulikaa pale mpaka lori likawaka, na yule bwana hata asante hakusema. Mzee Sudi hakujali. Alipanda gari akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia.

Sasa akaja Frenk. Msimfikirie vibaya. Frenk ni kijana wa Kigogo, mtoto wa rafiki yangu wa Mpwapwa, msomi, ofisa wa wizara, na gari analijua kwelikweli. Ukimtumia mlio wa injini anakwambia tatizo kabla fundi hajafungua boneti. Tulimpa uadmini wenyewe, kwa furaha. Shida yake ilikuwa moja. Pale ofisini wenzake wanaotoka mikoa mingine walikuwa wakimtania kila siku: Mgogo ombaomba, Mgogo ombaomba. Utani huo tunao tangu sijazaliwa. Mtani wangu akiniambia hivyo mimi namcheka, namwambia nipe basi hicho nilichokuomba, tunakunywa chai. Lakini Frenk ulimwingia. Ulimchoma. Akawa kila akiona picha ya matawi kundini anaona wenzake wa ofisini, ambao baadhi yao walikuwa humo, wakimcheka.

Ndipo akaandika kanuni. Kwamba majani ni marufuku. Kwamba kundi ni la kupendeza, la picha safi, ili hata wauza matairi wakubwa watake kutufadhili. Na mwisho akaandika maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka damu inachemka: "Hapa si gereji, wala si kijiwe cha ombaomba."

Jamani! Angeandika hivyo mtani, ningemjibu kwa kicheko. Kaandika Mgogo mwenzangu, tena bila kutania. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamwambia, Frenk mwanangu, kuomba msaada barabarani si kuomba sadaka. Akanijibu kwa adabu zake zote, shikamoo kwanza, kisha, "Bibi nakuheshimu sana, lakini tukiendelea hivi tutachekwa mpaka lini?" Wengine wakaweka alama za makofi. Nikasema moyoni, hawa wataona wenyewe.

Basi turudi kwenye alizeti. Simu imelia, nafungua, naona picha. Matawi ya mgunga juu ya lami. Nyuma yake pikapu, na ndani ya pikapu jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani. Chini ameandika: "Kilachi imekufa. Nampeleka baba Chemba kuzikwa leo." Alikuwa Bakari, Msandawe mmoja mpole, hodari wa kusimulia safari zake kundini, ambaye sikuwahi kuonana naye uso kwa uso. Na nyinyi mnajua, kwa Waislamu maiti haicheleweshwi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, jamaa wamekusanyika, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Mkono wangu haujafika kwenye herufi, picha ikatoweka. Imefutwa! Frenk akaandika: "Ndugu Bakari, pole kwa msiba. Tafadhali zingatia kanuni." Wakafuata watu, mmoja anasema kanuni ni kanuni, mwingine anasema kwa msiba tulegeze, mwingine anauliza kwani hiyo pikapu ni ya mwaka gani. Mwaka gani! Mtu ana baba yake juani! Hakuna hata mmoja aliyemuuliza, uko wapi?

Nilikuwa nimeutambua ule mlima ulioonekana pichani nyuma ya pikapu. Naupita kila nikienda mnadani kuuza mbuzi. Nikaandika kwa herufi kubwa zote: BAKARI YUKO JUU KIDOGO YA HANETI, MIMI NAENDA, ALIYE NA KILACHI YA PIKAPU AJE, NA KANUNI ZENU MKAZITIE KWENYE REJETA. Nikawaachia kuku alizeti. Nilipokuwa nawasha landrova langu mwenyewe, simu ikaniambia nimeondolewa kundini. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Niliendesha magari ya serikali porini kabla Frenk hajajua kutembea, leo ananiondoa kwenye simu!

Nilimkuta Bakari amesimama barabarani, ameshika shuka analikingia jeneza jua. Magari yalikuwa yanapita, madereva wanapunguza mwendo, wanaangalia, wanaondoka.

"Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Shika upande huo, tumhamishe baba."

Tulimwingiza kwenye landrova taratibu, na mabibi wawili wa msiba waliokuwa wameketi kando ya barabara wakapanda. Hatujaondoka, likatokea basi la abiria linatoka Dodoma. Dereva wake, mwanachama wetu, akasimama akamshusha fundi aliyempakia njiani, amebeba kilachi kwenye mfuko wa plastiki. Walikuwa wameiona meseji yangu kabla haijafutwa. Fundi akabaki na pikapu. Mimi nikakanyaga mafuta. Nisikudanganye, landrova langu lilikuwa linatetemeka mpaka meno yangu yanagongana, nikawa namwomba Mungu na kumwomba gari kwa pamoja.

Tulifika watu wamesimama barabarani wanatungoja. Wanaume wakampokea, wakamswalia, wakaenda naye makaburini. Mimi nilijitanda khanga nikakaa ndani na wanawake. Waliporudi, magharibi ilikuwa bado kuadhiniwa. Bakari akaingia, akapiga magoti mbele yangu. Nikamwambia inuka, hujaomba kitu cha ajabu.

Hivyo ndivyo nilivyoliua kundi, kama mnavyoambiwa. Kesho yake fundi akatoka mwenyewe, dereva wa basi akatoka, madereva wengine wakafuata, wala sikumshawishi mtu. Waliobaki wakawa wanatuma picha za magari yaliyooshwa, yameegeshwa. Sasa mtu haruhusiwi kusema gari lake limeharibika, atasema nini? Atasema "nzuri sana." Na mwenzake naye "nzuri sana." Hata kuuliza mlio wa injini wakaona aibu, kwa sababu kuuliza nako ni kuomba. Kundi likawa kimya, likajifia. Mfadhili wa matairi hakutokea.

Frenk alikuja hapa baadaye. Nikampa uji, akanywa. Akasema, "Bibi, ulinidhalilisha mbele ya watu." Nikamwambia nakupenda kama mwanangu na sikuombi radhi, ingetokea leo ningefanya vilevile, tena kwa herufi kubwa zaidi. Akaondoka amenuna. Ni haki yake kununa.

Sasa nyinyi. Mwanangu, gari lolote unalolipenda litakuangusha siku moja, na kundi lisiloweza kuisikia habari hiyo halipendi magari, linapenda vioo vya kujitazamia. Fungueni kundi lenu, bishaneni, tumeni picha za kung'aa mkitaka, sijali. Lakini kanuni yoyote itakayomfanya mtu aone haya kusema nimekwama, ichaneni kabla hamjaiandika. Wakiwaita ombaomba, itikieni. Waitikieni kwa sauti! Sisi wa nchi hii kavu tumesaidiana kwa kuombana tangu zamani za njaa, na bado tupo. Mkiona mtu amekwama, ulizeni yuko wapi kwanza; mengine mtauliza mkiwa njiani. Na huo ulezi wa kundi mnaonipa siutaki. Niandikeni mwanachama wa kawaida, maana macho yangu yanapungua na landrova limechoka, na mimi nitawaita.

Mungu awatangulie, wanangu. Siwaombei msikwame, hilo halipo kwa mwenye gari wala kwa asiye nalo. Nawaombea msione haya kuita, na kila mtakapoita awepo anayekuja. Amina.