Mrija wa Pili wa Fundi Koki

Fundi bomba wa chuo cha udaktari hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimbandika la Koki zamani, likamganda, hata mkewe akikasirika alilitumia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye uwezo wa kupenya nyuma ya tangi mahali ambapo paka mwenyewe angerudi kinyumenyume. Kazini hakuwa na makuu. Makuu yalimwingia baadaye, tena yalipitia kwenye figo.

Ilianza siku alipoitwa kwenye maabara ya anatomia kurekebisha sinki lililokuwa likivuja. Mwalimu wa somo hilo, daktari mmoja mama mfupi ambaye wanafunzi walimwita Daktari akiwapo na Mama Mifupa akiondoka, alikuwa amepokea miwani kumi na mbili mpya. Haikuwa miwani ya kusomea. Ukiivaa unaona chumba chako kama kilivyo, meza, dirisha na mwenzako anayepiga miayo, lakini katikati ya chumba anasimama mtu ambaye hayupo. Unamzunguka upendavyo. Ukigusa hewa kwa kidole, ngozi yake inaondoka. Ukigusa tena, misuli inaondoka. Unakwenda hivyo mpaka unafika kwenye mifupa. Wanafunzi waliishangilia. Daktari hakuridhika.

"Huyu waliyetuletea humu ni mtu wa kuchorwa," alinung'unika, akiivua. "Mabega kama kabati. Kila kitu kimekaa palepale kilipokaa kitabuni. Wanafunzi wangu watampata wapi mgonjwa wa namna hii? Mimi nataka mtu wa kweli, aliye hai, wa kawaida tu. Nimpige picha za ndani, nimweke yeye humu."

Chini ya sinki ikatoka sauti: "Wa kawaida kiasi gani?"

Daktari aliinama. Alichoona ni soli mbili za viatu, moja ina tundu.

"Fundi, unaweza kubana pumzi?"

Hapo aliguswa penyewe. Miaka ishirini na minne ya kuingiza kichwa kwenye matangi ilikuwa imempa kifua cha mpiga mbizi, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa habari zake. Alijitoa chini ya sinki, akakaa kitako sakafuni.

"Daktari, mimi nikibana pumzi, watu huanza kuulizana nani ana namba ya mke wangu."

Daktari alimweleza kila kitu taratibu. Angelala ndani ya mashine kama nusu saa, bila kisu wala sindano. Sura yake ingefutwa, jina lake lisingeandikwa popote, na hakuna mwanafunzi ambaye angejua huyo anayemzunguka ni nani. Fundi Koki aliisoma karatasi mara mbili, akauliza kama mashine ina joto, akatia sahihi.

Jioni alimpasha mkewe habari. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyeshinda kutwa nzima akisikiliza majivuno ya watoto wa miaka mitano, kwa hiyo hakuwa mwepesi wa kushtuka.

"Wamenichagua," Fundi alisema.

"Nani?"

"Chuo. Watu wote wale, wamechagua mwili wangu."

Mkewe aliacha kukunja nguo, akamtazama kuanzia utosini hadi vidoleni. "Huuhuu ninaouona mimi miaka ishirini na sita?"

"Huohuo."

"Basi wengine wote walikuwa safarini," alisema, akaendelea kukunja.

Wiki kadhaa baada ya kupigwa picha, Fundi aliitwa kuja kujiona. Alivaa miwani, na mbele ya ubao akamwona mtu mwembamba amesimama, hana uso, mikono ameitenga kidogo na mwili kama anayesubiri kupimwa shati. Fundi hakujizuia, alimsalimia. Daktari akageukia dirishani ili acheke.

Alikuwa amejiandaa kutapika. Lakini ngozi ilipoondoka, kisha misuli, macho ya kazi yakamshinda nguvu. Akachuchumaa, akachungulia, akainuka, akazunguka nyuma. Mbele ya utumbo alisimama muda mrefu akitikisa kichwa.

"Mita zote hizi za bomba, kwa kipande kifupi namna hii? Huyu fundi alikuwa na mali ya kumwaga."

"Njoo huku kwenye figo," Daktari alisema. Akamwonyesha ile ya kulia, na mrija mmoja mwembamba ukiteremka kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Kisha akamwonyesha ya kushoto. Kutoka kwenye ya kushoto iliteremka mirija miwili, sambamba, kila mmoja ukishika njia yake mpaka chini.

"Watu wachache sana huzaliwa hivi," Daktari alisema. "Wengi wao hata hawajui. Haikudhuru, na wala haikuongezei chochote."

Fundi Koki alisikia 'watu wachache sana'. Yaliyofuata yalimpita.

"Yaani nina bomba la akiba."

"Si la akiba, Fundi. Yote mawili yanafanya kazi."

"Ndio hivyohivyo nilivyosema."

Daktari aliitunza siri yake kama alivyoahidi. Hakumwambia mlinzi, hakumwambia mkuu wa chuo, hata mumewe hakumwambia. Aliyevuja ni fundi mwenyewe wa kuziba mivujo. Jumatatu alimnong'oneza mpishi wa kantini, tena kwa kiapo. Jumatano mlinzi wa geti alimsimamisha amwonyeshe ni upande gani. Kufika Ijumaa, wanafunzi waliokutana naye kwenye veranda walikuwa na salamu mpya.

"Shikamoo, Mzee Koki. Figo hazijambo?"

"Marahaba, wanangu. Ya kushoto inawasalimu."

Nyumbani ndiko mambo yalikozidi. Alianza kukaa wima mezani kama anayetazamwa. Aliacha kubeba mtungi wa gesi kwa madai kwamba kuna mambo ndani yake yasiyopaswa kutikiswa ovyo. Siku mkewe alipomwomba atoe taka, alijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Mama watoto, mwili huu sasa ni wa kufundishia."

"Basi huo mwili wa kufundishia utoe ndoo nje," mkewe alisema, "halafu urudi darasani."

Na ulitoa.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Kutoka chuo kingine alikuja mtahini wa nje, profesa mzee aliyevaa tai hata kwenye joto, ambaye wanafunzi walisema akikohoa tu umeshapoteza alama mbili. Asubuhi hiyohiyo, sinki la maabara likaamua kuvuja upya. Fundi Koki aliitwa haraka, akaambiwa ajibanze chini yake, afanye kazi kimya, na asitoke mpaka mtihani uishe.

Mtihani ukaisha. Wanafunzi thelathini walisogea mlangoni kusubiri, huku Profesa akipitia majibu na Daktari amesimama kando yake. Swali la mwisho liliwataka wavae miwani, waitazame mirija inayotoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, kisha waandike wameona mingapi. Wanafunzi kumi na tisa walikiamini kitabu kuliko macho yao, wakaandika miwili. Kumi na mmoja waliandika mitatu.

"Hawa kumi na mmoja wamekosa," Profesa alisema, akichomoa kofia ya kalamu.

"Hawajakosa," Daktari alisema. "Wameandika walichokiona. Huyu mtu ana mitatu."

"Mtu gani? Hii ni picha ya kompyuta. Kompyuta ikikosea kuchora, tuwape watoto alama kwa kosa la kompyuta?"

"Ni mtu wa kweli, Profesa. Tulimpiga picha hapahapa."

"Vizuri. Yuko wapi nimwone?"

Daktari akachukua miwani, akaanza kuifuta. Ile karatasi yenye ahadi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na hakuwa mtu wa kula maneno yake. Mlangoni binti mmoja wa miongoni mwa wale kumi na mmoja alianza kufuta macho kwa mkono wa koti. Wenzake wakatazamana, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakalitazama sinki.

Chini ya sinki, Fundi Koki alikuwa amelala chali, spana mkononi, nati imefunguka nusu. Kwa mara ya kwanza tangu majivuno yamwingie, alipata woga. Kumtambia mlinzi wa geti ni jambo moja. Kumtokea profesa mwenye tai, umelowa, ni jambo lingine. Alifikiria kunyamaza. Akasikia yule binti akivuta kamasi. Akatoka.

"Samahani, Profesa," alisema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Hiyo mirija ni yangu."

Profesa alimtazama fundi, akamtazama Daktari, akamrudia fundi. "Na wewe ni nani?"

"Fundi bomba."

"Fundi, huna lazima ya kusema," Daktari alimwambia kwa sauti ya chini. "Nilikuahidi."

"Daktari, nisamehe. Chuo kizima kinajua. Wasiojua kwamba kinajua ni wewe na Profesa."

Wanafunzi mlangoni wakapata kikohozi cha pamoja.

Daktari alimtazama fundi wake kwa namna ambayo ingempa homa siku nyingine yoyote. Kisha akamshika bega, akamsimamisha katikati ya chumba, akamwambia atenge mikono kidogo. Akampa Profesa miwani. Akaisogeza ile picha polepole, kidole hewani, mpaka ule mwili usio na uso ukaingia ndani ya mwili wa Fundi Koki kama mkono unavyoingia kwenye mfuko.

"Tazama nyonga," alisema. "Tazama mbavu. Sasa tazama mtulinga wa kushoto."

Profesa alisogea. Ndani ya miwani, ule mfupa wa juu ya kifua ulikuwa na kinundu katikati. Fundi aliuvunja akiwa kijana, alipoanguka kwenye ngazi ya tangi, ukaunga vibaya. Profesa alinyoosha kidole, akakipitisha kwenye picha, akagusa shati lililolowa. Chini ya shati, palepale, kinundu kilikuwepo.

Kidole kilishuka hewani, kikafuata ubavu, kikafika kwenye figo, kikateremka mara moja, kikarudi juu, kikateremka mara ya pili.

"Unasikia maumivu yoyote ya kiuno?" hatimaye aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika; sasa alikuwa daktari anayezungumza na mtu.

"Hapana, Profesa."

"Mkojo?"

"Unakwenda vizuri. Nilidhani kila mtu yuko hivi."

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," Profesa alisema, akivua miwani. "Hii nimeiona kwenye vitabu. Kwa mtu aliyesimama mbele yangu akitiririka maji, leo ndiyo mara ya kwanza." Kisha akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake, ambavyo dimbwi lilikuwa limevizunguka taratibu. "Na haya maji, Fundi, nayo ni yako?"

Nati! Fundi Koki alirudi chini ya sinki kwa kasi ambayo mwili wa kufundishia haukupaswa kwenda.

Wale kumi na mmoja walipata alama zao zote. Wale kumi na tisa walibakishwa na Daktari nusu saa nzima, wakaelezwa tofauti ya kusoma kitabu na kumsoma mtu, na hakuna aliyethubutu kupiga miayo. Fundi naye alikuwa na nusu saa yake, mlango umefungwa. Hakuna aliyejua aliambiwa nini, ila alitoka akiwa mdogo kidogo, na kwa wiki mbili figo ya kushoto haikumsalimu mtu.

Hata hivyo Daktari hakuwa mtu wa kinyongo. Alimwomba amlete mkewe, naye aione. Mama alikuja Jumamosi, mkoba kwapani, akavaa miwani kama anayejaribu kofia ya mwenzake. Mume alianza papo hapo kumvutia upande wa figo. Lakini yeye alikuwa ameshasimama kifuani. Moyo ulikuwa wazi mbele yake, ukipiga kwa mwendo uleule uliopimwa siku ya mashine, bila kuchoka. Aliutazama muda mrefu, na hakufanya utani wowote, mpaka mumewe akaingiwa na wasiwasi.

"Daktari," Mama aliuliza polepole, "na huu uko sawa?"

"Uko sawa kabisa."

"Hauna chochote cha ajabu?"

"Hauna. Ni moyo wa kawaida, mama. Mzuri tu."

"Aa," alisema yule mama, na ilionekana jibu halikumtosha.

Jumapili, Fundi Koki alikuwa uani akisafisha spana zake, akamsikia mkewe sebuleni akizungumza na dada yake kwenye simu. "Figo? Achana na figo, dada. Moyo! Daktari mwenyewe kasimama, hana la kusema. Ameniambia katika kazi yake yote hajawahi kuona moyo kama ule."

Fundi alichungulia dirishani. "Si alisema ni wa kawaida?"

Mkewe alifunika simu kwa kiganja. "Wewe ulikuwa unaangalia mabomba," alisema. "Ulisikia nini?" Akaondoa kiganja, akaendelea pale alipokuwa ameishia.