Malango Mawili na Barua ya Nyaboke

Nakumbuka Ijumaa moja ya mvua mjini Kisii, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mwanangu, wakati huo nilikuwa kijana niliyejifunza kompyuta peke yangu kwa vitabu vya kuazima, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa.

Nilifanya kazi katika ofisi ya Mama Moraa, tulikopigia watu chapa na kuwatumia barua pepe. Seva yetu ilikuwa na kadi mbili za mtandao: moja ya kompyuta zetu, nyingine ya ofisi jirani iliyokuwa na laini ya kwenda nje. Asubuhi hiyo, kwa kutaka kila kitu kikamilike, niliipa kila kadi lango lake, yaani mahali pa kupeleka ujumbe usiojulikana njia yake. Lango moja lilielekea nje. La pili halikuelekea popote.

Saa sita akaja Nyaboke, mwalimu kutoka Magwagwa. Chuo kimoja cha India kilikuwa kimempa nafasi, na jibu lake lilitakiwa lifike siku hiyo. Nikaituma barua pepe yake, ikakwama.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kadi. Nikaanza upya. Kila aliponiuliza kutoka kwenye benchi la wateja nilisema, "Bado kidogo tu, mwalimu."

"Kidogo chako kina mkia mrefu," alisema akicheka. Baadaye hakucheka tena.

Mama Moraa aliporudi kutoka sokoni Daraja Mbili, posta ilikuwa imeshafungwa. Alinikuta katikati ya skrubu.

"Umejaribu nini?"

"Vyote."

"Kwa pamoja? Sasa ikipona utajuaje palipokuwa panauma? Hebu niambie, asubuhi uligusa nini?"

Nikafungua orodha ya njia, nikamwonyesha malango yangu mawili.

"Haiya! Kwetu kesi hupelekwa kwa mzee mmoja, kijana. Mafahali wawili zizi moja?"

Nikafuta lango lile lisiloelekea popote, barua ikatoka papo hapo. Lakini India kulikuwa usiku tayari. Jumatatu chuo kilijibu: nafasi amepewa mwingine.

Nyaboke alisoma. "Si neno," akasema. "Lakini ungeniambia saa sita kwamba imekushinda, ningevuka barabara nikatume faksi posta."

Nimechomwa na mengi tangu hapo, mwanangu. Maneno hayo ndiyo hunichoma zaidi.

Mficha uchi hazai. Njia ikipotea, rudi kwa ulichokigusa mwisho. Gusa kimoja, tazama, ndipo uguse kingine. Na kabla ya yote, mwambie anayekungoja, "Imenishinda kwa sasa, tafuta njia nyingine."

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kukiri na mkono mzito wa kubadilisha, na asiwepo atakayezeeka kwenye benchi lako.